Tija kwa Kushirikiana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni katibu na mtunza daftari wa kikundi cha mafundi seremala saba hapa Keko, Dar es Salaam. Tangu tuanze kununua mbao pamoja, watu wanakuja kuuliza: mafundi wa chuma wa Gerezani, wauza vitenge wa Kariakoo, madereva wa malori ya Zambia, wanafunzi wanaoandika ripoti za chuo. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Mengine yanahusu karakana, mengine bandari na mipaka. Nimeyachanganya makusudi, kwa sababu kwangu ni jambo moja.

Tija ni nini? Si kufanya kazi kwa bidii tu?

Bidii ni jasho. Tija ni kile unachokipata ukilinganisha na ulichotumia kukipata: muda, mbao, umeme, nauli, fedha ya mkopo.

Chukua fundi mmoja ninayemfahamu vizuri. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu yote anazunguka kutafuta mbao, anajadili bei, anatafuta guta la kuzibeba. Jumanne anashinda kwenye foleni ya mashine ya randa ya mtu, kwa sababu yeye hana mashine. Kazi yenyewe inaanza Jumatano, na kufikia Jumamosi jioni ana viti vinne. Mtu huyu hakosi bidii hata chembe. Amekosa siku mbili. Akirudishiwa siku zile mbili, kwa mikono ile ile na uchovu ule ule, atamaliza wiki na viti sita. Hivyo viti viwili vya nyongeza ndivyo tija.

Sasa ushirikiano unaingiaje hapo?

Zile siku mbili hazikupotelea mikononi mwake. Zimepotea kati yake na muuza mbao, na kati yake na mwenye mashine. Fundi yeyote atakwambia kiti hakivunjiki katikati ya mguu. Huachia kwenye kiungo. Na kiungo kina pande mbili, kwa hiyo mtu wa upande mmoja hawezi kukikaza peke yake.

Sisi tulianzia kwenye mbao. Kila mmoja wetu alikuwa akinunua vipande vichache kwa bei ya rejareja na kulipia guta lake. Tulipokaa na kuhesabu, tukagundua kwamba kwa mwezi sote saba tunatumia karibu Fuso moja ya paini. Tukachanga, tukamtuma mwenzetu Mafinga, kwenye mbao za Sao Hill. Fuso ilifika usiku wa saa nne. Tulishusha kwa mwanga wa simu, mbili kwa sita upande huu, moja kwa nane upande ule, kila mtu akipiga alama ya rangi yake kwenye kichwa cha ubao: nyekundu, ya kijani, nyeupe. Asubuhi yake tulizipanga kwa kuacha nafasi kati ya ubao na ubao ili upepo upite, kwa sababu paini mbichi ukiiwahi inapinda mteja akiwa ameshalipa. Zamani nani alikuwa na subira ya kukausha? Ulinunua leo ukapiga msumari leo.

Tulichokipata kilizidi bei nafuu. Tulipata mbao kavu, na Jumatatu ikarudi kuwa siku ya kazi.

Viti vya Keko vinahusiana nini na uchumi wa taifa?

Taifa ni jumla ya karakana, mashamba, ofisi na maduka. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, inataka uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila Mtanzania. Huwezi kufika huko kwa kuongeza watu shambani na saa za kazi. Tazama kilimo: zaidi ya nusu ya Watanzania wanaofanya kazi wako huko, lakini kinachangia karibu robo tu ya pato la taifa. Wakulima si wavivu. Mazao yanaharibikia njiani, mbegu inachelewa, na maghala yako mbali na shamba. Viungo vimelegea.

Ushirika ulituangusha. Baba yangu alidhulumiwa pamba yake. Kwa nini tuamini tena?

Swali hili naliheshimu kuliko yote, na anayeniuliza simwambii asahau.

Historia yetu ina pande mbili. Chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa 1933, na wakulima wa kahawa walikuwa wakiuza pamoja miongo kadhaa kabla ya Uhuru. Shule zilijengwa, watoto walisomeshwa. Ushirika ulikuwa mali ya wanachama na waliujua hivyo. Baadaye uliingizwa kwenye mipango ya serikali kiasi kwamba mwanachama hakujua tena kama ni wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Lakini imani haikurudi kwa tangazo la gazeti. Mzee aliyepewa stakabadhi badala ya fedha, akangoja mpaka msimu mwingine, hawezi kushawishiwa na semina.

Sasa tazama korosho za Mtwara na Lindi. Zamani, na hata leo kwa kificho, kulikuwa na kangomba: mnunuzi anakuja wakati wa njaa, anakukopesha kidogo, na mavuno yanapokuja anachukua korosho kwa kipimo chake na kwa bei yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ulibadilisha mpangilio huo. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zinapimwa na kupangwa kwa daraja, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada ambao bei yake inatangazwa hadharani, na malipo yanapitia benki. Mkulima mwenye gunia tatu anauza sokoni na wanunuzi wakubwa wa dunia, kwa sababu gunia zake zimo ndani ya shehena ya maelfu.

Je, malalamiko yameisha? Hapana. Makato ni mengi na wanachama wengi hawaelewi kila moja linakwenda wapi. Malipo yanapochelewa, kangomba anarudi usiku na fedha taslimu. Mkulima anayemkimbilia simlaumu, maana ada ya shule haisubiri mnada. Anayetaka ushirika uaminike afupishe siku kati ya mnada na malipo, na abandike orodha ya makato ukutani mwa ghala, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mambo hayo mawili yatafanya zaidi ya hotuba mia.

Mnagawanaje faida bila kugombana?

Kwa kuandika kabla ya kupata. Ushirikiano mwingi hufa wakati wa mavuno, fedha inapofika mezani, na kwa nadra hufa kwa sababu ya njaa.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, bandari na posta za pamoja. Mwaka 1977 ikavunjika. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja sababu waziwazi kwenye utangulizi wake: utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu, sekta binafsi na wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, manufaa yaliendelea kugawanyika bila uwiano, na hakukuwa na sera za kutosha za kurekebisha hali hiyo. Isome tena hiyo ya mgawanyo. Nchi tatu zenye marais, mawaziri na wanasheria zilikwama mahali pale pale ambapo kikundi cha watu saba hukwama.

Wajapani walilitambua hili mapema. Walipoanzisha kituo chao cha tija mwaka 1955, nchi ikitoka vitani, wafanyakazi waliogopa kwamba tija maana yake ni kufukuzwa kazi. Wakakubaliana misingi mitatu: tija iongeze ajira, waajiri na wafanyakazi washauriane, na matunda yagawanywe kwa haki kati ya mwenye mtaji, mfanyakazi na mlaji. Ndipo wafanyakazi wakaanza kutoa mawazo ya kuboresha kazi. Nani atamwonyesha bosi njia ya kumaliza kazi kwa watu wanane, kama yeye ni wa tisa?

Kwetu sisi kanuni iko kwenye daftari la mistari, ukurasa wa tatu. Punguzo la bei ya mbao linagawanywa kwa kadiri ya mbao ulizochukua. Aliyekwenda Mafinga analipwa posho kabla ya hesabu nyingine yoyote. Asilimia kumi inabaki ya kununua mashine. Kila Jumamosi saa kumi jioni ninasoma daftari kwa sauti, hata kama wote wamelichoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa hadharani lina hatari ile ile.

Washindani wanawezaje kushirikiana? Si kila mtu anavutia kwake?

Toa simu yako mfukoni. Zamani ukitaka kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine ulikuwa na shida: ulilazimika kuwa na laini mbili tatu, au kutoa kwa wakala huyu na kuweka kwa yule. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana fedha zipite moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Vodacom ikaingia 2016. Tanzania ilitangulia nchi nyingi kwa hili, na kampuni zenyewe zilikaa mezani zikaandika kanuni. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao.

Je, waliacha kushindana? Muulize wakala yeyote wa Manzese. Wanagombania wateja kwa matangazo, kwa ada, kwa vifurushi. Ila barabara ya kupitishia fedha wameifanya kuwa moja. Ndivyo tunavyofanya Keko: mbao na mashine ni za pamoja, lakini mitindo ya viti na wateja ni vya kila mtu. Mwenzangu akimnyang'anya jirani mteja kwa kiti kizuri zaidi, hatumshitaki kwenye kikao.

Basi tukubaliane bei moja, mteja asituchezee?

Hapana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, kususia mtu kwa makubaliano, au kula njama kwenye zabuni. Mbali na sheria, kupanga bei hakuongezi tija yoyote. Kunahamisha fedha kutoka mfukoni mwa mteja tu. Nunueni pamoja, safirisheni pamoja, jifunzeni pamoja. Bei kila mtu apange yake.

Nina duka Kariakoo, wateja wangu ni Wakongo, Wazambia na Wamalawi. Jumuiya ya Afrika Mashariki inanisaidia nini?

Inategemea unauza nini na unamuuzia nani. Wengi hawaelezwi hili, na wanakwama mpakani.

Kwanza, nani ni mwanachama wa nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyoingia 2022, na Somalia iliyofuata. Zambia na Malawi hazimo. Hizo tuko nazo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tanzania na Kongo ziko kote kuwili. Kwa hiyo mzigo wa Nakonde, Zambia, na mzigo wa Bujumbura unaweza kuhitaji cheti tofauti, na wakala wako wa forodha anatakiwa akueleze kabla gari halijapakiwa.

Pili, unafuu wa ushuru unafuata mahali bidhaa ilikotengenezwa, haijalishi ulikoinunua. Chupa za chai kutoka China hazigeuki kuwa za Tanzania kwa kulala wiki mbili kwenye stoo ya Mtaa wa Congo. Lakini kiti cha Keko, kanga iliyochapwa Dar es Salaam, sabuni ya Mbagala, hizo zina haki ya cheti cha uasilia. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya kuna cheti kilichorahisishwa kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha maalumu zenye thamani isiyozidi dola 2,000, na hutolewa mpakani penyewe. Nimewaona akina mama wakivusha mzigo kwa njia za panya, wakilipa huku na huku kwa watu wasiojulikana, wakati cheti hicho kingewatosha.

Tatu, vituo vya pamoja vya mpakani. Pale Namanga, Rusumo, Mutukula, Holili na Tunduma, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, ukaguliwe mara moja badala ya mbili. Pale vinapofanya kazi ilivyokusudiwa, dereva anaokoa siku. Tunduma bado foleni huwa ndefu, na dereva anayelala barabarani kwenda Kasumbalesa anajua zaidi kuliko mimi.

Kuna na chombo ambacho hatukithamini: Kiswahili. Mteja wa Lubumbashi anajadili bei na wewe bila mkalimani. Mwezi Agosti 2019, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika hapa Dar es Salaam, SADC ilikipitisha kuwa lugha yake rasmi. Mkataba wa kurasa mbili wa Kiswahili, ambao muuzaji na mnunuzi wote wanausoma, unazuia ugomvi ambao mkataba wa lugha isiyoeleweka huuzaa.

Bandari ya Dar es Salaam inalaumiwa kila siku. Huo ndio ushirikiano wa kikanda?

Bandari yetu ni mlango wa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda. Kontena likikaa siku za ziada gatini, kiwanda cha Ndola kinasubiri na mkulima wa Kigali anachelewa kupata mbolea. Ndiyo maana mwaka 2006 nchi za Ukanda wa Kati, yaani Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo, zilisaini makubaliano na kuweka wakala wao hapa hapa jijini, kufuatilia mzigo unakwama wapi: melini, forodhani, kwenye mizani, au mpakani.

Reli ndiyo inayonifunza zaidi. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 na ni mali ya Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu. Upana wake ni milimita 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Reli ya kati ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani, ina milimita 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vitatu vinne, na kwa sababu hiyo behewa la reli moja haliwezi kuendelea kwenye nyingine. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya Kidatu. Reli ya kisasa, ambayo abiria wa Dodoma wanaipanda tangu 2024, ina milimita 1,435. Hakuna aliyekosea, kila reli ilijengwa kwa sababu zake. Lakini tumebaki na vipimo vitatu katika nchi moja, na kila mahali vinapokutana kuna kreni, wapagazi, na siku iliyopotea. Mimi kama mtu wa karakana naiona kama kazi ya mafundi wawili waliokata miguu ya meza moja bila kuazimana futi.

Kuhusu waendeshaji wa kigeni waliopewa mikataba ya kuendesha sehemu za bandari tangu 2023, mjadala ulikuwa mkali na ulistahili kuwa mkali, kwani mali ni ya wananchi. Ninachoomba ni takwimu zibandikwe kila mwezi mahali pa wazi: meli ilingoja siku ngapi, kontena lilikaa siku ngapi. Tukiona namba, tutajua mgao wetu.

Kuna mfano wa nchi jirani kugawana kitu bila ugomvi?

Maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera. Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo mmoja wa megawati 80 na zinagawana umeme sawa kwa sawa. Hakuna nchi kati ya hizo ambayo ingeweza kuujenga peke yake, maana mto wenyewe ni mpaka.

Vyuo vina faida gani kwetu tulioshika randa bila cheti?

Vina faida, mkivifuata. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ulioupata mtaani: unapimwa kwa kazi yako, unaongezewa unachokosa, unapata cheti. Wenzetu wawili wanacho, na zabuni moja ya madawati tuliipata kwa sababu hiyo. Wana pia uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda kati ya darasa na karakana. Tulimpokea binti mmoja wa namna hiyo. Ndiye aliyetuonyesha kuchora vipande vyote kwenye karatasi kabla ya kukata ubao, na mabaki yetu yakapungua mpaka mama lishe wa jirani akalalamika kwamba kuni zimekwisha.

Ndani ya Jumuiya, wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo walishaanza kutambuana vyeti nchi kwa nchi. Fundi seremala bado hajafikiwa hivyo. Ningependa kuona siku cheti cha fundi wa Keko kinakubaliwa Kigali bila maswali.

Serikali inatusikiliza wapi?

Kuna Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa 2001, ambalo mwenyekiti wake ni Rais, na chini yake mabaraza ya mikoa na wilaya. Wadogo hatufiki huko kwa sababu tunaenda mmoja mmoja, na mmoja mmoja tunaonekana walalamikaji. Kikundi chenye daftari, chenye hesabu ya saa ngapi umeme ulikatika na kazi gani ilisimama, kinasikilizwa tofauti. Pia halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Wageni wamejaa Kariakoo wakiuza rejareja. Ushirikiano huo si kujinyonga?

Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo. Wengi Kariakoo walishangilia na ninaelewa: anayekodi fremu kwa fedha ya kiwandani anashindana na kijana aliyekopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Jirani zetu Kenya nao walilalamika, kwa sababu mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza kutumika mwaka 2010, unazungumzia haki ya raia wa Jumuiya kufanya kazi na kuishi nchi mwanachama.

Maoni yangu ni haya. Mgeni anayeleta kiwanda, anafundisha mtu wetu kuendesha mashine na kununua malighafi yetu, ameongeza kiungo. Anayeshusha kontena na kulimaliza mwenyewe dirishani, kipande kwa kipande, hajaacha kitu cha kushika. Tofauti hiyo ndiyo sheria iifuate, na Mkenya au Mganda tuliyesaini naye mkataba tusimpime kwa futi moja na wengine. Leo tukimfungia yeye mlango, kesho mahindi yetu yatazuiwa Namanga, kama yalivyozuiwa Machi 2021.

Tuko watano, tunashona nguo Mbagala. Tuanzie wapi?

Msianze na katiba, muhuri, wala fulana za kikundi. Kwa wiki mbili kila mmoja aandike jioni mambo matatu: leo nimengoja nini, nimengoja saa ngapi, nani yuko upande wa pili wa hicho nilichokingoja. Mkikutana, linganisheni. Kutakuwa na jambo moja linalojitokeza kwenye karatasi zote tano: nyuzi, umeme, mashine ya kudarizi, bodaboda wa kupeleka mzigo mjini. Shirikianeni kwenye hilo moja tu kwa miezi mitatu. Fedha akae nayo mmoja, daftari akae nalo mwingine. Mkishafaulu, ndipo mwende kusajili.

Ninyi hamjawahi kupata hasara?

Tumepata. Mwenye ukumbi mmoja, simtaji, aliagiza viti sitini kwa ajili ya harusi za msimu. Tulifurahi mno, kwa mara ya kwanza oda ilikuwa kubwa kuliko fundi yeyote mmoja wetu. Tulikubaliana kwa maneno. Alichukua viti vyote, akalipa nusu, na iliyobaki akasema viti havilingani rangi. Na kweli havikulingana: wawili wetu walipaka vanishi ya kopo tofauti. Kosa letu dogo likampa yeye sababu kubwa. Tulizungushwa miezi minne, hatukulipwa.

Siku hizi tunachukua malipo ya awali, tunaandikiana ukurasa mmoja, na kiti cha kwanza kinasainiwa na mteja chini ya kikalio, kwa kalamu ya wino mzito, kiwe kipimo cha vyote vinavyofuata. Vanishi inanunuliwa na mtu mmoja.

Jioni ile tuliyokubali kwamba fedha haiji, nilifungua ukurasa wa tatu wa daftari na kusoma. Hasara, iliandikwa, itagawanywa kwa uwiano ule ule wa faida. Mzee wetu mwenye zaidi ya miaka sitini ndiye aliyekuwa na viti vingi, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Aliomba nirudie kusoma. Nikarudia. Akasema haya, andika. Jumatatu iliyofuata Fuso ilikuja kutoka Mafinga, na wote saba walikuwepo kushusha.